Mbwa kafa ghafla? Kabla hujamshuku jirani, angalia dalili hizi

Buseresere mbwa akifa, kesi huwa fupi sana. "Kalishwa sumu." Hakuna anayeuliza alianza kuumwa lini, alitapika nini, wala kama wenzake nao wanaumwa. Sumu, basi, na mara nyingi jina la aliyeiweka linakuwa limeshapatikana kabla mbwa hajafukiwa.

Mtaa ninaoishi, majirani wawili hawasalimiani mpaka leo kwa sababu hiyo. Mmoja alikuwa na watoto wanne wa mbwa wa miezi miwili. Walikufa mmoja mmoja, siku tano wote wakawa wameisha. Mwenye mbwa hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ni jirani yake, yule aliyekuwa akilalamikia kelele za usiku. Wakafikishana kwa mwenyekiti. Pale ndipo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mifugo akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: walianzaje?

Walianza kwa kugoma kula. Kesho yake wakatapika mapovu ya njano. Kisha wakaharisha damu yenye harufu kali ambayo, kwa maneno ya mwenye mbwa mwenyewe, ilijaa uwanja mzima. Mzee akasema hiyo siyo sumu, hiyo ni parvo. Jirani akaonekana hana kosa, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Nimeandika makala hii kwa sababu mji wetu una mbwa wengi. Kuna wa kulinda maduka na nyumba, wa kulinda makarasha, wa wafugaji wanaokwenda machungani na ng'ombe, na wale wasio na mwenyewe wanaozunguka kati yetu na Katoro bila kujua mpaka wa wilaya uko wapi. Wengi wao hawajawahi kuguswa na daktari. Dalili nyingi unaweza kuziona mwenyewe pale uani, ukijua pa kuangalia.

Anza kumjua akiwa mzima

Huwezi kujua mbwa wako anaumwa kama hujui akiwa mzima anakuwaje. Siku moja akiwa ametulia, inua mdomo wa juu uangalie fizi. Za mbwa mzima ni za waridi na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka paonekane peupe, kisha achia. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. (Kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Hao vuta kope la chini uangalie ndani.)

Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua. Fizi za njano, ini au damu ina shida. Zikiwa kavu na zinanata, mbwa amekaukiwa maji. Ukivuta ngozi ya mgongoni au mabegani ikachelewa kurudi mahali pake, ni jibu hilohilo.

Mbwa aliyelala hupumua kama mara 10 hadi 30 kwa dakika. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, yaani yuko juu kuliko sisi. Ukimgusa ukamwona wa moto, usikimbilie kusema ana homa. Na ile ya kugusa pua, kwamba pua kavu ni ugonjwa na pua mbichi ni mzima, isahau. Pua hukauka hata kwa kulala juani.

Parvo: muuaji wa watoto

Parvo ni kirusi kilichojulikana duniani mwaka 1978, na ndani ya muda mfupi kikasambaa karibu kila nchi. Kinapenda watoto wa mbwa wa wiki sita hadi miezi sita. Kinashambulia utumbo na chembe nyeupe za damu, yaani kinaharibu njia ya chakula na wakati huohuo kinavunja kinga.

Mpangilio wake ndio unaokusaidia kuitofautisha na sumu. Mtoto wa mbwa ananyong'onyea kwanza, anaacha kucheza, anagoma kula. Halafu anatapika, tena na tena. Halafu anaharisha, mara nyingi damu, na harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Yote haya yanachukua siku moja hadi tatu, siyo dakika. Na ndugu zake wanaanza kufuata mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kirusi huchukua siku kadhaa, kama tatu hadi saba, tangu kuingia mpaka dalili kuonekana.

Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki ya kuzuia bakteria wanaoingia kupitia utumbo ulioharibika. Asiyetibiwa mara nyingi anakufa. Anayewahishwa akapata dripu ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa hiyo ukisema "nimsikilizie mpaka kesho" kwa mtoto anayetapika na kuharisha, umeshapoteza muda ambao hakuwa nao.

Kuna jambo linaloumiza watu kila mara. Unafukia watoto waliokufa, baada ya miezi mitatu unaleta mbwa mpya, naye anakufa vilevile. Hapo ndipo jirani anapohukumiwa mara ya pili. Ukweli ni kwamba kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Kinachofanya kazi ni dawa ya kufanyia nguo weupe, ile ya klorini, iliyochanganywa na maji, kwenye sakafu na vyombo vilivyosafishwa uchafu kwanza. Udongo wa uwanja huwezi kuuosha, kwa hiyo mbwa mpya aje akiwa ameshachanjwa.

Na chanjo siyo sindano moja. Mtoto anaanza akiwa na wiki sita hadi nane, anarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe kama wiki 16. Sababu ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama yake inaizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa macho itaisha siku gani. Pia, tafadhali, "mbwa wangu amechanjwa" ni sentensi isiyokamilika. Amechanjwa nini? Ile chanjo ya kampeni inayotolewa viwanja vya shule ni ya kichaa. Haimkingi na parvo hata kidogo.

Basi sumu yenyewe ikoje?

Ipo, siwezi kusema haipo. Wezi wanaitumia, na wakati mwingine mbwa anaokota tu panya aliyekula sumu au mzoga uliotegewa fisi.

Sumu nyingi za kuulia wadudu wa mashambani zinaonekana haraka. Mbwa alikuwa mzima saa moja iliyopita, sasa hivi anatoka udenda mwingi, misuli inarukaruka, anatetemeka, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kisha degedege. Ni dakika au saa chache. Mbwa mkubwa mwenye afya aliyebadilika ghafla namna hiyo, hapo una haki ya kufikiria sumu.

Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda ni tofauti. Mbwa anaila leo, anaonekana mzima, na baada ya siku mbili hadi tano ndipo damu inatoka puani, kwenye fizi, kwenye kinyesi, au anahema kwa shida huku fizi nyeupe. Hii ina tiba, vitamini K, lakini lazima daktari aambiwe mapema. Ukikuta pakiti, nenda nayo.

Huku kwetu kuna sumu nyingine ambayo vitabu vya mbwa vya Ulaya haviigusi. Kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu kwa sayanaidi kuna maji. Kiangazi mbwa ana kiu, na yeye hajui kusoma kibao. Sayanaidi inazuia mwili kutumia hewa iliyo kwenye damu, kwa hiyo mbwa anahema kwa nguvu, fizi zinakuwa nyekundu sana mwanzoni, anaanguka, degedege, anakufa ndani ya dakika chache. Mara nyingi hata daktari aliye jirani hawezi kuwahi. Kama mbwa wako anaishi jirani na mtambo, bakuli la maji safi linalojazwa kila siku nyumbani linafanya kazi kuliko dawa yoyote. Na mbwa akifa namna hiyo, usishughulike na mzoga tu, angalia na watoto wanacheza wapi.

Kuhusu maziwa na mafuta ya kula: hayaondoi sumu. Mbwa anayetetemeka au aliyezimia ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia kwenye mapafu, na hapo umemwongezea tatizo. Chumvi nyingi ya kumtapisha nayo ni sumu.

Kichaa: hapa siyo mbwa tu

Magonjwa mengine yote kwenye makala hii yanamhusu zaidi mbwa. Hili linakuhusu wewe na mwanao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu maambukizi yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, yanatoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo kama 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko iliyokuwa ikionekana kwenye taarifa rasmi za hospitali. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, watoto wa chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40.

Tukisikia kichaa, wote tunamfikiria yule mbwa anayekimbia barabarani akitoa mapovu na kung'ata kila kitu. Huyo ni rahisi kumtambua, na watu wanakimbia. Yule wa hatari zaidi ni mpole. Anajificha chini ya kitanda au nyuma ya choo. Taya la chini limelegea, mdomo uko wazi, udenda unatiririka, hawezi kumeza, mlio wake umebadilika kama amekabwa. Mwenye mbwa anamhurumia: "Amekwama mfupa." Anaingiza mkono mdomoni autoe.

Usifanye hivyo. Mbwa ambaye koo lake linaonekana limekwama, hujui historia yake ya chanjo, mfungie mahali na umwite mtaalamu. Mate yanaingia kupitia mchubuko mdogo tu wa kidole.

Ishara nyingine ni mabadiliko ya tabia. Mbwa mkali amekuwa mpole na anakung'ang'ania, au mpole amekuwa mkali. Anang'ata mawe, miti, mnyororo. Anayumba miguu ya nyuma. Mbwa wa porini au fisi anayeingia mtaani mchana bila kuogopa watu, mwogope yeye. Mbwa mwenye kichaa akishaanza kuonyesha dalili hufa ndani ya siku kumi hivi, ndiyo maana mbwa aliyeng'ata mtu, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, hufungiwa na kuangaliwa siku kumi badala ya kuuawa palepale. Akifa au ikabidi auawe, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa maabara.

Uking'atwa, sahau tumbaku, pilipili na dawa za kupaka. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uanze chanjo, na umalize dozi zote ulizopangiwa hata kama kidonda kimepona. Dalili kwa binadamu mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, na zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Muda huo wa kimya ndio unaowadanganya watu.

Chanjo ya mbwa inaanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Inafanya kazi? Wilayani Serengeti, mkoani Mara, kampeni ya kuchanja mbwa vijijini ilianza mwaka 1996. Baada ya awamu ya kwanza visa vya kichaa kwa mbwa vilishuka kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Idadi ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa nayo ikashuka.

"Mafua" yaliyoua simba

Distempa inaanza kama mafua. Makamasi mazito, tongotongo za njano, kikohozi, homa, kuharisha. Wiki kadhaa baadaye, mtu akidhani imeisha, mbwa anaanza kutafuna hewa, mguu unarukaruka wenyewe, degedege. Wengine pua na nyayo zinakuwa ngumu kama gome. Ukiona mbwa mwenye degedege usihitimishe ni kichaa wala sumu, uliza kama aliugua mafua mwezi uliopita. Lakini mpaka mtaalamu aseme, mtendee kama mwenye kichaa.

Mwaka 1994 kirusi hiki kiliingia Hifadhi ya Serengeti na kuua kama theluthi moja ya simba wake, takriban 1,000. Watafiti waliunganisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa wa kawaida, kama hawa wetu.

Kupe, ndorobo na jicho la bluu

Kupe ukiwaona masikioni na kati ya vidole, shida siyo kuwashwa tu. Wanaleta vijidudu vya kwenye damu. Mbwa ana homa, amekonda, fizi nyeupe, hataki kutembea. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda ya kola unaashiria chembe za damu zinapasuka. Damu puani bila kuumia ni ishara nyingine. Hii inatibika vizuri ikipimwa mapema, na inaua polepole ikiachwa.

Kwa wanaoishi au kuchunga upande wa Hifadhi ya Burigi-Chato na mapori ya Biharamulo kuna mbung'o, na mbwa naye anapata ndorobo kama ng'ombe. Cha kuangalia ni jicho. Jicho moja au yote mawili yanakuwa na ukungu wa bluu au mweupe, uso unavimba, mbwa anakonda huku bado anakula. Watu wanasema kapofuka kwa uzee, au kapigwa. Mpeleke akachukuliwe damu. Ila usimchome mwenyewe sindano iliyobaki ya ng'ombe, maana dawa hiyo ikizidi kidogo kwa mbwa inaharibu ubongo.

Mengine, kwa haraka

Tumbo kubwa la mtoto wa mbwa siyo shibe, ni minyoo. Vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi ni tegu. Watoto wanapewa dawa kuanzia wiki mbili, wanarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki 12, wakubwa kila miezi mitatu. Minyoo ya mbwa inaambukiza watu, hasa watoto wanaochezea mchanga.

Manyoya yananyonyoka masikioni na viwikoni, ngozi imekuwa nene, anajikuna usiku kucha, na wewe umeanza kujikuna mikono: ni upele wa wadudu wasioonekana kwa macho. Naomba tuache kuwapaka mbwa oili chafu. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni.

Damu inayodondoka sehemu za siri za dume au jike asiye kwenye joto, pamoja na nyama iliyoota kama koliflawa, ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Inatisha kuiangalia, lakini ni moja ya saratani zinazotibika vizuri kwa sindano. Hakuna haja ya kumuua.

Macho ya njano, kutapika na mkojo wa rangi nzito vinaweza kuwa leptospira, vijidudu vya kwenye mkojo wa panya. Tunaikumbuka kwa jina la homa ya mgunda, mwaka 2022 kule Lindi. Mbwa anaipata, na kupitia mkojo wake na wewe unaipata. Vaa glovu unaposafisha banda lake.

Na dawa zako za kichwa na mgongo ziache kwenye kabati. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumwua mbwa aliyekuwa na tatizo dogo tu.

Umpeleke wapi?

Muulizie afisa mifugo kwenye ofisi ya kata, au uliza ofisi ya mifugo ya halmashauri Chato, na kwa walio upande wa Katoro, Geita. Muuza duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema sana lakini hajamwona mbwa wako. Ukinunua chanjo dukani, angalia imetoka kwenye friji na inasafirishwa na barafu. Iliyokaa mfukoni juani mpaka nyumbani ni maji tu.

Kabla ya kwenda, toa simu. Piga picha ya fizi, ya matapishi na ya kinyesi, hata kama inakera. Mbwa akiwa anatetemeka au anatembea kwa kuyumba, rekodi video ya sekunde 30, kwa sababu akifika kwa daktari huwa anaacha. Andika alianza saa ngapi, alikula nini, na kama kuna mbwa mwingine wa jirani anaumwa. Hilo la mwisho itabidi umuulize jirani mwenyewe.